Upele wa nepi: jinsi ya kuutambua, kuutibu na kuuzuia usirudi

Kabla hujapaka chochote, mlaze mtoto karibu na dirisha mchana, mvue pampasi, umtazame vizuri. Balbu ya njano hudanganya, na tochi ya simu huifanya ngozi yoyote ing'ae. Mwanga wa mchana utakuonyesha upele umekaa wapi hasa, na mahali ulipokaa panasema mengi kuliko rangi yake.

Ukishajua kuangalia mikunjo na kuhesabu siku, sehemu kubwa ya kazi imeisha. Watoto wengi wanaobabuka kwenye nepi hawahitaji dawa. Wanahitaji ngozi kavu, mafuta mazito juu ya ngozi hiyo, na mtu anayebadilisha nepi kabla haijawa chepechepe. Shida ni kwamba mengi ya mambo hayo hayauzwi dukani, kwa hiyo wengi tunayaruka na kukimbilia tyubu.

Kinachotokea chini ya pampasi

Ngozi ikikaa kwenye unyevu muda mrefu inalainika, kama vidole vya mtu aliyeshinda kwenye beseni la kufua. Ngozi ya namna hiyo huchubuka kwa msuguano mdogo tu wa nepi. Mkojo nao ukikaa hupunguza tindikali ya asili inayoilinda ngozi. Hapo kinyesi kinapata nafasi: ndani yake kuna vimeng'enya vilivyokuwa vikimeng'enya protini na mafuta tumboni, na tindikali ya ngozi ikishapungua, vimeng'enya hivyo huanza kuila ngozi yenyewe. Mkojo na kinyesi vikichanganyika na kukaa, mtoto anababuka haraka. Ndiyo maana kuharisha kwa siku moja kunaweza kuleta kidonda ambacho wiki nzima ya mikojo isingekileta.

Watoto wengi hupata upele huu kati ya miezi 7 na 12. Sababu zake unaziona nyumbani mwenyewe. Mtoto ameanza kula: mtori, uji, ndizi za kuponda, juisi ya pasheni ambayo shangazi amempa bila kukuuliza. Kinyesi kinabadilika, kinakuwa kingi na kikali zaidi kwa ngozi. Pia sasa analala usiku mrefu bila kuamka, na anashinda amekaa kitako. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake huwa na nafuu, kwa kuwa kinyesi chake hakichomi kiasi hicho. Ukiona upele umeanza siku moja au mbili baada ya tunda jipya, hasa chungwa, nanasi au nyanya, lipumzishe tunda hilo wiki moja kisha ujaribu tena kidogo kidogo. Usimwachishe mtoto matunda yote.

Sababu nyingine inayosahaulika ni dawa za antibiotiki. Mtoto akikohoa tunakimbilia amoksilini, na siku chache baadaye tumbo linafunguka na fangasi wanapata nafasi ya kukua. Upele ulioanza katikati ya dozi au mara baada ya dozi, ushuku fangasi mapema.

Hatua ya kwanza: usome upele

Maelezo mengi yanasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani hivyo. Kwa mtoto mweusi utaona eneo limekuwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, au la kahawia iliyoiva, au lina uzambarau na linang'aa. Mahali palipobanduka hupauka na kuwa pekundu-pinki. Tumia pia kiganja: ngozi yenye upele ina joto, imevimba kidogo, na mtoto anashtuka ukiigusa. Kama analia kila ukimwosha lakini akiwa amevaa anatulia, umeshapata dalili kabla hata hujaona kitu.

Sasa panua mapaja taratibu uangalie kinena.

Upele wa kawaida, ule wa kubabuliwa na mkojo na kinyesi, hukaa sehemu zilizoinuka zinazogusana na nepi: matako, upande wa ndani wa mapaja, chini ya kitovu, kwenye korodani au mashavu ya sehemu za siri za msichana. Ndani ya mikunjo ngozi huwa nzima, kwa sababu nepi haifiki kule. Mstari wa upele kiunoni au kwenye paja, palepale lastiki inapopita, unakuambia pampasi inabana au ni ndogo. Namba ya pampasi inakwenda na kilo, na kilo za mtoto ziko kwenye kadi ya kliniki. Zisome kabla ya kununua.

Fangasi hufanya kinyume: wanapenda ndani ya mikunjo. Utaona kinena kimeiva, ukingo wa upele una mpaka unaoonekana, na nje ya mpaka huo kuna vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika, vingine vina kichwa cheupe. Vipele hivyo vya pembeni ndivyo alama ya kuaminika kuliko zote. Fungua na mdomo. Utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu ambao haufutiki kwa kitambaa laini ni fangasi haohao, na mtoto atahitaji dawa ya matone mdomoni pamoja na ile ya kupaka, la sivyo utatibu chini huku juu kunaendelea kupanda mbegu. Mama anayenyonyesha akisikia chuchu zinawaka moto, naye aseme kliniki.

Bakteria wakiingia utaona vilengelenge vyenye usaha, malengelenge yanayopasuka na kuacha magamba ya manjano, au majimaji yenye harufu. Kuna aina moja inayokaa kama duara kali kuzunguka njia ya haja kubwa tu, na mtoto analia akijisaidia. Hiyo haisikii mafuta wala krimu ya fangasi. Ni ya hospitali.

Yapo pia yasiyokuwa upele wa nepi kabisa. Madoa ya bluu-kijivu kwenye matako au chini ya mgongo ambayo mtoto amezaliwa nayo si ugonjwa wala si alama ya kupigwa, na hufifia yenyewe miaka ya mwanzo. Majipu machache yenye tundu dogo katikati, hasa ikiwa nepi zilianikwa kwenye majani au kichakani, yanaweza kuwa ni mabuu ya nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu. Usiyaminye, nenda zahanati. Vipele vinavyowasha usiku, vipo pia viganjani na nyayoni, na dada wa kazi au kaka zake nao wanajikuna: huo ni ukurutu wa kuambukizana, na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Upele ukiwa sehemu tatu kwa pamoja, yaani kuzunguka mdomo, kwenye mikono na miguu, na kwenye matako, huku mtoto anaharisha na haongezeki uzito, mpeleke apimwe. Upungufu wa zinki mwilini huonekana hivyo.

Hatua ya pili: kuosha bila kuumiza

Maji ya uvuguvugu na kitambaa cha pamba vinatosha. Kipande cha fulana ya zamani ni bora kuliko taulo gumu la dukani. Mtoto mwenye kidonda usimfute, mwagie maji kwa kikombe juu ya beseni hadi uchafu uondoke wenyewe. Msichana muoshe kutoka mbele kwenda nyuma siku zote. Mvulana usilazimishe kuvuta ngozi ya mbele.

Sabuni itumike kinyesi kikigoma tu, iwe isiyo na manukato, na uisuuze yote. Dawa za maji za kuua vijidudu ambazo watu humimina kwenye beseni hadi maji yanageuka meupe si za ngozi iliyochubuka. Zinachoma, na harufu yake ya hospitali inatufanya tuamini zinatibu. Chumvi vivyo hivyo.

Tishu zenye maji ni nzuri kwenye daladala, lakini wakati wa upele ziache kabatini, hasa zenye manukato au spiriti. Ukilazimika kuzitumia safarini, chagua zisizo na harufu.

Hatua ya tatu: kukausha, kazi inayopuuzwa

Usisugue. Gusagusa kwa kitambaa kikavu, kisha umwache mtoto bila nepi dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, na zaidi ukiweza. Tandika mpira, juu yake khanga mbili, mlaze kifudifudi huku ukimwangalia. Atakojoa, ndiyo. Khanga inafulika.

Mwezi wa pili Moshi mjini jambo hili ni rahisi. Joto la Majengo au Pasua linamkausha mtoto lenyewe, na kwa kweli joto hilohilo ndilo linalomtokosa akiwa ndani ya pampasi mgongoni kwa mbeleko. Mwezi wa sita na wa saba ni habari nyingine. Ukungu unashuka, jua linachomoza saa tano, na bibi hataki kusikia habari ya mtoto kukaa uchi. Ana hoja. Mvike soksi, sweta na kofia, acha wazi matako tu, fanya kazi hiyo mchana chumba kikiwa kimepata joto. Kwa wa Kibosho, Marangu au upande wa Ilboru kule Arusha, subiri hata saa saba. Usimwashie jiko la mkaa chumbani ukiwa umefunga madirisha: hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na inaua.

Jua la moja kwa moja halihitajiki. Kivuli chenye hewa kinatosha. Mashine ya kukaushia nywele isitumike, inaunguza.

Hatua ya nne: kinga nzito

Ngozi ikishakauka kabisa, paka tabaka nene la kitu kitakachozuia mkojo usiifikie. Unavyo viwili vya kuchagua. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanapatikana hata kwa Mangi wa mtaani na yanatosha kwa upele mwepesi na kwa kinga ya kila siku. Ngozi ikiwa imechubuka, krimu au malhamu ya zinki oksaidi ni bora zaidi kwa sababu inakaa na haiyeyuki kwa joto. Kisandukuni utaona maneno Zinc Oxide na asilimia yake, kwa kawaida kati ya 10 na 40. Asilimia kubwa ni kwa upele uliopo, ndogo ni ya kukinga.

Kipimo cha kutosha ni hiki: ukimaliza kupaka, hupaswi kuiona ngozi iliyo chini. Watu wanapaka kama wanapaka losheni usoni, halafu wanalalamika dawa haifanyi kazi.

Wakati wa kubadilisha, usikwangue krimu yote iliyobaki. Ondoa ile iliyochafuka, acha iliyoganda vizuri, ongeza nyingine juu. Kuisugua hadi itoke yote kunabandua ngozi mpya iliyoanza kuota, na ni kosa ninaloliona zaidi kwa akina mama wasafi sana. Ukitaka kuitoa kweli, jioni wakati wa kuoga, tumia mafuta kidogo kwenye pamba badala ya sabuni.

Badilisha nepi kila saa mbili kwa mtoto mchanga, kila saa tatu hadi nne kwa mkubwa, na mara moja akijisaidia haja kubwa. Wakati wa upele amka hata mara moja usiku.

Hatua ya tano: siku ya tatu ndiyo ya kuamua

Upele wa kawaida ukifanyiwa haya yote kwa uaminifu huanza kupungua ndani ya siku mbili au tatu. Sisemi kuisha, nasema kupungua: mtoto haruki tena ukimwosha, rangi imetulia, hakuna kipele kipya. Ukiona hivyo endelea, hakuna haja ya kununua kitu kingine.

Siku tatu zikipita na hali ni ileile au upele umeanza kuingia kwenye mikunjo, huenda fangasi wameshaingia kwenye ngozi iliyochubuka. Sasa ndipo dawa inahitajika. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, kisandukuni imeandikwa Clotrimazole 1%, au krimu ya nistatini, Nystatin. Paka kidogo, tabaka jembamba, mara mbili au tatu kwa siku kama mtoa dawa atakavyokuelekeza, hadi nje ya mpaka wa upele ili ivifikie vile vipele vya pembeni. Subiri dakika chache iingie, kisha paka zinki au mafuta ya mgando juu yake. Ukigeuza mpangilio, dawa inabaki juu ya mafuta na haifiki kwenye ngozi.

Matibabu ya fangasi kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14, na yanaendelea siku chache baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi huacha siku ya nne, na wiki inayofuata wanarudi dukani wakisema krimu ile ilikuwa feki.

Kwenye duka la dawa, soma kisanduku kabla ya kulipa

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Ukifika duka la dawa muhimu pale mtaani ukasema tu "mtoto ana vipele", uwezekano ni mkubwa utapewa tyubu ya mchanganyiko: ndani yake kuna dawa ya fangasi, antibiotiki, na steroidi kali. Inauzwa sana kwa sababu inafanya muujiza. Ndani ya siku moja au mbili ngozi imetulia, kwa kuwa steroidi huzima uvimbe na mwasho. Ukiacha, upele unarudi, mara nyingi umeenea zaidi. Unapaka tena. Unarudi tena.

Chini ya nepi ngozi imefunikwa, ina joto na unyevu, na ni nyembamba. Steroidi inapita kuingia mwilini kwa wingi kuliko ingepita kwenye mkono wako wewe. Ikitumika muda mrefu ngozi hukonda na kuchanika mistari, na kwa mtoto mdogo inaweza hata kuvuruga homoni ambazo mwili wake unatengeneza wenyewe. Geuza kisanduku usome viambato. Ukiona Betamethasone, Clobetasol, au jina lolote la dawa linaloishia na -sone, rudisha, isipokuwa umeandikiwa na daktari aliyemwona mtoto. Daktari anaweza kukuandikia haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Hiyo ni dhaifu, na bado ina muda wake wa kuacha.

Ombi lako liwe la moja kwa moja: "Kaka, shikamoo. Naomba krimu ya klotrimazoli tupu, isiyochanganywa na kitu." Akikuambia ile ya mchanganyiko ni nzuri zaidi, mshukuru, shika msimamo.

Vitu vya kuviacha

Poda ni ya kwanza. Vumbi lake mtoto analivuta puani, na kwenye mkunjo wenye unyevu linaganda kuwa chembe za kukwaruza. Unga wa muhogo au wa mahindi unaopakwa badala ya poda una hatari hizohizo. Magadi na baking poda visiwekwe kwenye ngozi iliyochubuka, vinaweza kupenya mwilini. Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, maji ya betri au ubunifu mwingine wowote wa mtaani: hapana. Maji ya majani ya kuchemsha yanayopendekezwa na majirani nayo yaache, ngozi iliyofunguka si mahali pa kujaribia.

Ile dawa ya zambarau, jivii, bibi zetu wote wanaijua. Iliwahi kuandikwa sana kwa fangasi. Tatizo lake nyumbani ni kwamba inapaka rangi kila kitu, huoni tena kama upele unapungua au unapanda, na ikiwa kali inachoma. Krimu zilizopo leo zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Maziwa ya mama kwenye upele? Hayadhuru. Mafuta ya nazi safi nayo kwa ngozi ambayo haijafunguka ni sawa. Usiyategemee tu kwa kidonda.

Nepi za kitambaa au pampasi

Kwa upande wa ngozi, pampasi ya kisasa inanyonya unyevu vizuri kuliko kitambaa. Kwa upande wa mfuko ni hadithi nyingine, na mfuko ndio unaofanya mama aiache pampasi moja kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana ili hesabu ya wiki itoshe. Pampasi ya bei iliyokaa saa saba ni mbaya kuliko kitambaa kilichobadilishwa kila akikojoa. Mpango unaofanya kazi kwa familia nyingi hapa ni nepi za kitambaa mchana nyumbani, pampasi usiku, kanisani au msikitini na safarini.

Dazeni mbili za nepi zinatosha kwa mtoto mmoja kiangazi. Flaneli na fulana laini za pamba utazipata kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, na khanga zilizochakaa ni bora kuliko mpya zenye wanga. Chochote cha mtumba kichemshwe au kifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla hakijamgusa mtoto.

Chupi za nailoni zinazovalishwa juu ya nepi ya kitambaa ili mkojo usivuje ni adui mkubwa. Zinafunga joto na unyevu ndani. Mtoto akiwa na upele ziache kabisa; kama ni lazima uende mahali, heri pampasi.

Ufuaji ndio unaoamua kama upele utarudi. Kwangua kinyesi chooni, loweka nepi za mkojo mbali na za kinyesi, fua kwa sabuni ya mche au ya unga isiyo na manukato makali, halafu suuza. Suuza hadi maji yawe maangavu na ukikamua usione povu, hata kama ni maji ya nne. Sabuni iliyobaki kwenye uzi huamshwa na mkojo na kuanza kuchoma. Dawa za kulainisha nguo usizitumie kwa nepi, zinaacha mabaki na zinapunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Dawa ya kung'arisha nayo, kama umeitumia, isuuzwe hasa. Dada anayesaidia kazi mwonyeshe mara moja kwa vitendo, na mwachie maji ya kutosha. Siku maji yamekatika, suuza ndiyo inayokatwa kwanza.

Kwa mtoto mwenye fangasi, chemsha nepi au zipige pasi ya moto pande zote mbili. Pasi hiyohiyo inaua mayai ya yule nzi niliyemtaja. Anika kwenye kamba juani, si kwenye ua wala majani.

Halafu inakuja masika. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano nepi hazikauki siku mbili, zinabaki na ubaridi na kaharufu. Nepi yenye unyevu usimvike kwa kusema itakaukia mwilini. Piga pasi hadi mvuke uishe kabisa, na katika miezi hiyo tenga hela ya pampasi zaidi. Hakuna ujanja mwingine ninaoujua.

Akiharisha

Usisubiri upele. Kuanzia choo cha kwanza cha maji paka zinki oksaidi kila ukibadilisha. Ndani mpe ORS na uendelee kumnyonyesha, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyezidi hapo. Hiyo zinki ya kunywa ni kwa ajili ya kuharisha, usiichanganye na ile ya kupaka.

Lini uondoke nyumbani

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha au homa, usimtibu nyumbani hata siku moja. Kwa mwenye umri wowote, nenda siku hiyohiyo ukiona homa ya nyuzijoto 37.5 au zaidi kwapani pamoja na upele, usaha au malengelenge, ngozi inayobanduka kwa vipande, uvimbe mgumu wenye joto unaoenea, damu, au mtoto kulia kila akikojoa. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hiyo si habari ya upele tena. Ondoka hata usiku.

Ambao hawana dalili hizo lakini wametumia krimu ya fangasi wiki moja bila mabadiliko, waanze zahanati au kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya Mawenzi kwa walio Moshi, au ya Mount Meru kwa walio Arusha. Upele unaorudi kila mwezi, au fangasi wa mdomoni wasiosikia dawa, unahitaji vipimo, na usiogope mtoa huduma akipendekeza kipimo cha VVU kwa mtoto. Anafanya kazi yake. Kwa ngozi zenye utata, hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kwa hiyo mgonjwa wa Kilimanjaro au Arusha hana sababu ya kwenda mbali. Nenda na tyubu zote ulizokwisha kutumia, hata zilizoisha. Na siku hiyo usimpake kitu asubuhi, ili daktari auone upele wenyewe.

Ngozi ikipona itaacha mabaka, meupe au meusi zaidi, ambayo yanaweza kukaa wiki kadhaa hadi miezi. Yanarudi rangi yenyewe. Usiyapake chochote cha kurudisha rangi, ila endelea na mafuta ya mgando kila usiku kabla ya pampasi.